Nunua kwadi ya kazi, matembezi yatajipa

Kwadi yangu ya kwanza, yaani pikipiki ya matairi manne, ilikuwa na kila kitu isipokuwa gia ya kurudi nyuma. Niligundua siku ya pili, pua ya mashine ikiwa imeingia kwenye kona ya uzio na nyuma yangu tela limejaa matawi. Nikashuka, nikalifungua tela, nikaisukuma pikipiki kwa kifua, nikaligeuza tela kwa mikono, nikafunga upya. Jirani alikuwa anatazama. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa kwadi ya mbio: nyepesi, ya chini, inavuta magurudumu ya nyuma tu, klachi ya mkono, haina keria mbele wala nyuma. Dukani nilijiona nikipanda milima. Nyumbani nikajikuta nasomba kuni, mbolea na maji, na njia ya msituni niliiona mara moja katika wiki sita. Nilikuwa nimenunua viatu vya kuchezea mpira ili nikalimie.

Niliiuza kwa hasara nikanunua nyingine, na safari hii nilianza na daftari badala ya duka. Kwa mwezi mzima niliandika kila kazi ya nje niliyoifanya: nini kilibebwa, kizito kiasi gani, ardhi ilikuwaje. Mwisho wa mwezi niliona kwamba karibu kila kitu ninachohitaji kinafanyika kwa mwendo wa mtu anayetembea. Basi mashine nikaipima kwa kazi yangu nzito na ya polepole kuliko zote. Kwadi ya kazi itakupeleka matembezini bila kinyongo, lakini ile ya mbio mbolea haikubebei.

(Na kama daftari lako linaonyesha kazi ambazo toroli linazimaliza asubuhi moja, nunua toroli. Nasema kweli.)

Uzito unaodanganya

Watu huangalia ukubwa wa injini kwanza. Mimi naangalia namba zilizobandikwa kwenye keria na karibu na ndoano ya tela. Keria ya mbele kwa kawaida hubeba kidogo kuliko ya nyuma. Kwa mashine nyingi za ukubwa wa kati ni kilo 40 na kitu mbele na 80 hadi 90 nyuma. Chini ya hapo kuna namba nyingine ambayo muuzaji haitaji: jumla ya mzigo wote, ambayo kwa mashine za kati mara nyingi ni kilo 200 na ushei. Ndani ya jumla hiyo umo wewe mwenyewe na nguo zako, kilicho kwenye keria zote mbili, na uzito ambao mkono wa tela unaukandamizia mkia wa kwadi.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 85 akiweka tangi la dawa la lita 100 nyuma, ameshapita kiwango cha keria kabla hajakoroga dawa yenyewe, maana maji peke yake ni kilo 100. Tena maji hayatulii. Kwenye mteremko wa pembeni yanakimbilia upande wa chini, na wewe na kwadi mnayafuata. Mimi sasa tangi langu liko kwenye tela dogo na sijutii.

Udongo nao ni mwongo mkubwa. Mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Tela ambalo kwa macho unaliona dogo, lenye theluthi ya mita hiyo, limebeba karibu nusu tani. Uwezo wa kuvuta wa kwadi za kati unaanzia takriban kilo 385 na kupanda hadi zaidi ya 500, na namba hiyo inahesabu tela lenyewe pamoja na kilichomo. Kuvuta hata hivyo si tatizo. Tatizo ni kusimama. Kwadi ya kilo 300 inaposhuka kilima ikisukumwa na tela la kilo 500, anayeongoza msafara ni tela. Ndiyo maana nataka mashine ambayo injini yake inazuia mwendo unapoachia mafuta, si ile inayoteleza huru kama baiskeli. Hilo lijaribu kabla ya kulipa.

Pakia tela ili sehemu ndogo ya uzito, kama asilimia kumi, ielemee mbele, kwenye ndoano ya kwadi. Ukirundika nyuma, tela linainua mkia wa kwadi, matairi ya nyuma yanakosa kushika, na kwenye mteremko unaanza kuyumbishwa.

Gia, na mkanda niliouchoma

Kwadi nyingi za kazi leo hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Puli zikibana na kuachia, uwiano unabadilika wenyewe. Ni raha. Unaweka kwenye H (gia ya mwendo wa kasi) au L (gia ya polepole na ya nguvu), unasukuma mafuta kwa kidole gumba, unaondoka. Raha hiyo ndiyo iliyonifanya nivute magogo siku nzima nikiwa kwenye H, kwa sababu hakuna aliyeniambia na kitabu cha maelekezo nilikuwa nimekiweka mahali salama sana.

Kufikia alasiri nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Fundi alipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa unang'aa ubavuni kama kioo. Akanieleza: ukivuta mzigo kwa mwendo wa konokono ukiwa kwenye H, puli hazibani mkanda barabara, unateleza, unapata moto, unakuwa mgumu, na mwisho unakatika. Kwenye L injini inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule, puli zinabana, mkanda unaishi. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: tela likifungwa, gia ni L. Na usipotaka kukumbuka kanuni, ziko kwadi za gia za kawaida zenye klachi inayojiendesha, na nyingine zenye klachi mbili zinazobadilisha kwa vitufe. Hazina mkanda wa kuungua. Ukipita maji mengi nazo zina nafuu, kwa sababu mkanda ukilowa huteleza mpaka utoe maji kwenye kasha lake.

Mimi nilibaki na ya mkanda. Nageuza mara nyingi mno, mbele nyuma, mbele nyuma, na mguu wangu wa kushoto ni mvivu.

Kuhusu injini sina mengi. Kati ya cc 400 na 570 kazi zote za kawaida za uwanja zinafanyika, na njiani utafurahi. Zile za cc 850 na 1000 zina nguvu ambayo kwenye kona nyembamba kati ya miti ya matunda inakuwa mzigo: ukigusa mafuta kidogo inaruka. Tafuta yenye kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta kama kwenu kuna baridi au mwinuko mkubwa, au kama mashine hukaa wiki nyingi bila kuwashwa. Rejeta yenye feni ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kazi ya polepole haileti upepo wa kupoza injini.

Nani aliyechana nyasi?

Mke wangu aliuliza swali hilo siku ya kwanza niliyopita na kwadi kwenye bustani. Nilidhani ni uzito. Siyo. Matairi ya kwadi ni mapana na hujazwa upepo kidogo mno, kama psi 5 hadi 7 tu, kwa hiyo ukienda moja kwa moja unakandamiza ardhi kidogo kuliko kisigino cha mtu anayetembea. Alama hazikuwa kwenye mistari iliyonyooka. Zilikuwa kwenye kona.

Sababu ni ekseli ya nyuma. Kwadi nyingi hazina difu nyuma. Magurudumu mawili yamefungwa pamoja na yanazunguka sawasawa. Kwenye kona gurudumu la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani, haliwezi, basi mojawapo linaburuzwa na nyasi zinang'oka na mizizi yake. Msituni huoni shida, tena ni faida, kwa sababu magurudumu yote mawili yanasukuma. Bustanini ni balaa. Baadhi ya mashine zina swichi ya kuachia nyuma, ili kila gurudumu lizunguke kivyake ukiwa juu ya nyasi. Kama unachokitunza ni bustani, ulizia swichi hiyo kabla ya kuulizia rangi. Kama ni shamba na vichaka, isikusumbue.

Usichanganye hilo na kuvuta kwa magurudumu manne, ambako kwa kazi za nje sikushauri uache. Ila ukiwasha manne usukani unakuwa mzito, na ukigonga jiwe au mzizi unakupiga viganja. Hapo ndipo usukani wenye msaada wa mota ya umeme unapojilipia. Niliubeza kama anasa ya wazee, kisha nikakaa juu ya ile isiyo nao kwa muda wa saa nne. Kesho yake nilishindwa kushika kikombe.

Springi na shokapu za nyuma zina mitindo miwili. Ekseli ngumu moja ni rahisi kutunza, haibonyei sana chini ya mzigo, na haiyumbi kwenye kona. Ile ambayo kila gurudumu lina mkono wake na shokapu yake ni laini kwa mgongo, na tumbo la mashine kwa kawaida linakuwa juu zaidi ya mawe. Wanaobeba tu wachague ya kwanza. Mimi nina mgongo, nikachagua ya pili.

Ukitoka nayo

Kwadi nyingi zina kiti kirefu lakini ni za mtu mmoja. Urefu wa kiti ni wa wewe kusogea: mbele unapopanda, nyuma unaposhuka, upande wa juu unapokata mteremko. Abiria anakunyima nafasi hiyo. Ziko zilizotengenezwa kwa wawili, zenye umbali mrefu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na nyuma, na kama kila wiki una mtu wa kubeba, afadhali hizo, au zile za kukaa ubavu kwa ubavu zenye usukani wa duara, mikanda ya usalama na kizimba cha chuma juu. Hizo za mwisho ni pana. Kwadi ya kawaida ina upana wa sentimita 120 hivi na inapita kati ya miti ambako ndugu yake atakwama.

Kofia ngumu hata kwa mita mia moja. Barabara ya lami epuka. Matairi yale na ekseli ile havikuumbwa kwa lami. Watoto nao, hata waombe vipi, mashine ya mtu mzima si yao: nchini Marekani walio chini ya miaka 16 hushauriwa wasiiendeshe kabisa. Na ukiuziwa kwa bei ya kutupa zile za zamani za magurudumu matatu, acha. Watengenezaji walikubali kusitisha kuziuza Marekani mwaka 1988 baada ya ajali nyingi, na fizikia yake haijabadilika tangu hapo.

Ukinunua iliyotumika

Ya pili niliinunua imetumika, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kufungua kasha la chujio la hewa. Plastiki ya nje huoshwa, viti hubadilishwa, lakini watu husahau kasha hilo. Ukikuta tope au mstari wa maji ndani, mashine imezamishwa. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Angalia mipira inayofunika viungo vya ekseli kama imepasuka, tikisa kila gurudumu juu na chini usikie beringi, soma mita ya saa badala ya kilomita, maana kazi ya polepole hula saa nyingi bila kwenda mbali. Namba ya chesisi ilingane na karatasi.

Nenda na geji ya upepo ya kipimo kidogo. Ile ya gari haitaona tofauti kati ya psi 5 na 7, na tofauti hiyo kwenye kwadi inaifanya ivute upande. Omba kurudi nyuma, tena na tela kama lipo. Na fika mapema kidogo kuliko mlivyokubaliana, ili uione injini ikiwashwa ikiwa baridi. Iguse kwanza kwa kiganja. Ukiikuta ya moto, mwulize muuzaji asubuhi hiyo alikuwa anatoka wapi.