Mbuzi wangu wanapewa dawa ya minyoo, mbona bado wanavimba taya?

SWALI: Ninafuga mbuzi na kondoo mkoani Morogoro. Kila baada ya miezi mitatu huwanywesha wote albendazoli, lakini tangu masika yaanze baadhi wamekonda na kuvimba chini ya taya, na mbuzi mmoja amekufa bila hata kuhara. Jirani ananishauri niwape dozi maradufu. Je, nimsikilize?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Uvimbe wa taya pasipo kuhara hunifanya nimshuku kwanza mnyoo mfyonza-damu, Haemonchus contortus, ambaye hukaa katika tumbo la nne na ambaye jike wake hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Wakati wa joto na mvua, lava wake (minyoo wachanga) huwa tayari kuambukiza malishoni baada ya takriban wiki moja. Hata hivyo, minyoo bapa wa ini nao huleta uvimbe kama huo, kwa hiyo kinyesi kipimwe maabara.

Jirani yako ana ukweli kidogo, kwa kuwa mwili wa mbuzi huiondoa albendazoli haraka kuliko wa kondoo, na dozi ya kondoo huenda isimtoshe. Lakini kiwango hicho kipangwe na daktari wa mifugo kwa uzito uliopimwa, si kwa kukisia, na mbuzi wenye mimba changa wasipewe dawa hiyo, kwani inaweza kudhuru kijusi.

Ninalohofia zaidi ni usugu, yaani minyoo kutouawa tena na dawa. Unapowanywesha wote kwa kufuata kalenda, wanaobaki hai ni minyoo sugu peke yao, nao ndio wanaojaza malisho mayai. Omba mayai yahesabiwe kabla ya dawa na tena siku 14 baadaye. Yakiwa yamepungua kwa kiasi kisichofika asilimia 95, dawa hiyo imeanza kushindwa. Tangu sasa funua kope la chini la kila mnyama: kadi ya FAMACHA ya kukadiria upungufu wa damu, iliyobuniwa Afrika Kusini, ina rangi 5 kutoka nyekundu (namba 1) hadi nyeupe (namba 5), na kwa mbuzi hutibiwa wenye namba 3, 4 na 5. Wenye kope nyekundu waache, ili minyoo isiyo sugu iendelee kuwapo na kuzaliana na ile sugu.

Waliovimba watibiwe leo kwa dawa atakayoichagua daktari, wabaki bandani bila kutembezwa mbali, na wapewe mashudu ya alizeti au majani ya lukina ili warudishe damu. Mbuzi ambaye kope zake hupauka kila msimu usimbakize kwa ajili ya kuzalisha.