Kabati la droo la viberiti: kwa nini droo zinakwama

Kabati dogo la nyumba ya mwanasesere hutengenezwa kwa kubandika pamoja maboksi matupu ya viberiti, na trei zake ndizo droo. Droo kukwama kwenye kabati hilo mara nyingi ni gundi nyeupe kuzidi. Maji yake huvimbisha kadibodi, ganda la kiberiti linabonyea na kuibana droo. Paka utando mwembamba tu, kwa kidole. Kisha acha droo ndani gundi inapokauka, kila moja imezungushiwa kipande cha nailoni, ili ganda lisipoteze umbo. Juu weka daftari jepesi; kitu kizito kitaliponda.

Kwa nyumba ya mwanasesere ya kipimo cha 1:12 (sm 1 ni sawa na sm 12 halisi), viberiti vidogo 8 (safu wima mbili, vinne kila moja) hutoa kabati la takriban sm 7 kwa 6, yaani kama sm 84 kwa 72 za kabati halisi. Ukubwa wake unaaminika kabisa.

Uso wa droo, yaani kipande kinachobandikwa mbele yake, ukate milimita 1 pungufu kila upande, la sivyo utasuguana na wa jirani. Kishikio ni ushanga na waya mwembamba. Toboa kabla ya kubandika uso. Ule ukanda wa kuwashia usiusugue kwa msasa, ufunike kwa karatasi. Na njiti zihamishie mbali na watoto, jamani.