IPv6 ishikeni kwa mikono, wadogo zangu

Wadogo zangu mnaoanza netiweki, hii IPv6 (mfumo mpya wa anwani za kompyuta kwenye netiweki) msiisome kama historia. Sisi darasani tulikariri kwamba ina biti 128, tukakariri na IPv4, ile ya zamani, kwamba ina biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3 hivi na hazitoshi dunia nzima, mtihani tukafaulu, halafu siku tumekaa kwenye geto la mwenzetu pale Sakina na ruta mbili za mtumba, swichi moja na kompyuta tatu, hakuna aliyejua kwa nini haziongei.

Kila kompyuta ilikuwa na anwani inayoanza na fe80, tukadhani ndo hiyo hiyo. Kumbe fe80 kompyuta inajitengenezea yenyewe na haivuki ruta. Tukahangaika saa mbili usiku mpaka saa tano, tumebadili waya, tumefuta konfigi yote, mwisho mmoja akafungua Wireshark, programu ya kuona kinachopita kwenye waya, tukachomoa waya tukachomeka tena na hapo ndo nikaanza kuelewa: kompyuta inauliza kama kuna ruta, inauliza tena, ya tatu, kimya. Ruta tuliipa anwani yake vizuri tu ila hatukuandika ipv6 unicast-routing, na ruta ya Cisco bila hiyo komandi haijitangazi. Tukaiandika, tangazo likatoka na ile 2001:db8 yetu ya /64 (yaani biti 64 za mwanzo ni za netiweki), kompyuta zote tatu zikajipa anwani zenyewe bila DHCP (seva ya kugawa anwani) wala nini. Aisee, raha yake! (2001:db8 ni ya mifano tu, msitegemee itoke intaneti.)

Kesho yake umeme ukakatika na konfigi hatujaisevu, kwa hiyo write memory, komandi ya kusevu, iwe tabia.

Kitu kingine nawaomba sana, faiwoli. Kwenye IPv4 watu wamezoea kufunga ICMP yote (ujumbe wa kupeana taarifa za netiweki, ping ikiwemo), ukija na tabia hiyo huku unaua netiweki, maana IPv6 haina ARP, ile njia ya IPv4 ya kumtafuta jirani, kompyuta kumjua jirani yake inatumia hiyo hiyo ICMPv6, na ruta kujitangaza pia. Jaribuni kuifunga makusudi muone inavyokufa, hamtasahau.

Ruta kama hamna, GNS3, programu ya kuigiza netiweki ndani ya kompyuta, ni ya bure. Hata hiyo kama laptop haiibebi, kompyuta mbili na waya mmoja zinatosha leo leo: washa Wireshark, piga ping fe80 ya mwenzako, kwenye Linux malizia na % na jina la kadi yako ya netiweki, la sivyo haijui itokee wapi.