Basie au Ellington: boksi lipi la kuanzia?

Ndugu, umeuliza ununue boksi lipi la sidii kwanza, la Count Basie au la Duke Ellington, viongozi wa bendi za jazi wa Marekani, na kama yale ya bei nafuu kutoka Ulaya yanafaa.

Mimi ningeanza na rekodi za Basie za kampuni ya Decca, 1937 hadi 1939, zilizokusanywa katika sidii tatu, kwa kuwa humo utamsikia Lester Young akipuliza saksafoni kwa wepesi, huku gitaa la Freddie Green, ambalo halijaunganishwa na umeme, likishikilia mapigo chini ya bendi nzima. Baadaye tafuta Ellington wa 1940 hadi 1942, na katika matoleo yake chagua lile la mwaka 2003, kwani sauti yake imesafishwa vizuri kuliko ile ya 1986.

Kuhusu boksi za bei nafuu, fahamu kwamba rekodi za miaka ya 1930 zimekwisha muda wa hakimiliki katika nchi nyingi za Ulaya, hivyo yeyote anaweza kuzitoa, na wengine huondoa mikwaruzo ya santuri kwa pupa hadi matoazi nayo yanafifia. Kabla ya kulipa, angalia kijitabu: kikikosa tarehe za kurekodi na majina ya wanamuziki, mimi hulirudisha boksi rafuni. Usishangae pia ukikuta pengo la rekodi kuanzia Agosti 1942, kwa sababu chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi.