Mafundisho hayaishii Kipaimara

Ukiuliza kama Mkatoliki akishapata Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, amemaliza mafundisho ya dini, jibu ni hapana ndugu: kupata Kipaimara si kuhitimu. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1979, katika waraka wake Catechesi Tradendae namba 43, kwamba katekesi (mafundisho ya imani) ya watu wazima ndiyo kuu, kwa kuwa wao ndio wenye majukumu makubwa na uwezo wa kuuishi ujumbe wa Kikristo kwa ukamilifu.

Kwa parokia zetu hapa Tanzania anzia jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya waamini majirani, ambazo maaskofu wa AMECEA (muungano wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970. Pale Injili ya Jumapili inasomwa na kutafakariwa pamoja na mambo yenu wenyewe: ada za watoto, mgonjwa wa nyumba ya pili, ugomvi wa mpaka wa shamba. Halafu kuna vyama vya WAWATA (wanawake Wakatoliki), UWAKA (wanaume) na VIWAWA (vijana), na mafungo ya Kwaresima.

Angalizo tu: zipo jumuiya zinazoishia kwenye rozari na michango, na hilo linaniuma. Kama yenu ni hivyo, zungumza na mwenyekiti au katekista Injili irudishwe. Nenda na Biblia yako, ujitolee kusoma.