Jibu: Uzito wa triga ni uzito wa nini?

Sheikh, umeuliza vipi bastola ya Glock 17 iwe na gramu 630 hivi bila magazini (kisanduku cha risasi), halafu watu waseme triga yake, kile kidude kinachovutwa kwa kidole ili ifyatue, ni kilo mbili na nusu. Hapo hawapimi chuma, wanapima nguvu ya kidole. Fikiria ile mizani ya ndoano ya wauza samaki: itie kwenye triga ya bastola isiyo na risasi, vuta taratibu. Namba inayosoma pale triga inapoachia ndiyo uzito wenyewe.

Sasa tazama hesabu: kidole kinavuta karibu mara nne ya uzito wa bastola hiyo isiyo na magazini! Ndiyo maana mdomo wa bastola huyumba na risasi ikaenda upande, hata jicho likiwa limelenga sawasawa.

Lakini kilo si kila kitu, na hapa wengi hawafiki. Triga huanza na mlegeo, kisha unagota mahali pagumu, ndipo inaachia. Ikiteleza vizuri utaiona nyepesi kuliko nyengine ya kilo pungufu inayokwaruza. Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ambayo triga yenyewe ndiyo inayoinua nyundo (kile kinachogonga risasi) hufika kilo tano. Inua nyundo kwanza kwa dole gumba, uzito unashuka mno.

Mashindano ya kimataifa yana kima cha chini: gramu 500 kwa bastola ya upepo ya mita 10, gramu 1,000 kwa ya mita 25. Waamuzi huning'iniza jiwe la mizani kwenye triga, mtutu ukitazama juu. Bastola isipolinyanyua bila triga kuachia, haipiti. Triga ya askari huachwa nzito kusudi, maana mkono wenye hofu hubana bila ya mwenyewe kujua.