Mimi ni mwepesi wa hasira: je, niache uongozi wa vijana kanisani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimechaguliwa mwenyekiti wa vijana usharikani kwetu, ila ulimi wangu unanishinda. Mwezi uliopita nilimfokea mweka hazina mbele ya kwaya nzima kwa sababu ya hesabu za safari, kumbe hesabu zilikuwa sawa. Wengine wananitaka nijiuzulu, wengine wanasema hata Petro alikuwa hivyo hivyo. Nishike lipi?

JIBU: Amina, mwanangu. Wanaokutajia Petro hawajakosea mtu, ila wamesoma nusu ya habari zake. Nusu hiyo twaijua sote: anashuka majini kisha anazama, anamkiri Kristo, na muda si mrefu anamkemea hata anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani" (Mathayo 16:23), anaapa kufa pamoja na Bwana, kisha anasinzia Gethsemane, anamkata Malko sikio, na jogoo anawika akiwa amekana mara 3. Ukiishia hapo, Petro anakuwa kichaka chako cha kujificha.

Soma Luka 22:32. Kabla Petro hajaanguka, Yesu alimwambia kwamba amemwombea imani yake isitindike, na kwamba akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Kazi ilikuwa inamngoja hata kabla ya kosa. Lakini hakurudishiwa kimyakimya: katika Yohana 21, baada ya kula na wenzake, aliulizwa mara 3 kama anampenda Bwana, mpaka akahuzunika. Hatua hiyo ndiyo makanisa mengi tunayoiruka. Kiongozi mwenye kipaji akikosea tunamwombea kwa sauti kubwa, Jumapili inayofuata yuko madhabahuni, na aliyeumizwa hakuna aliyemuuliza neno.

Petro hakugeuka mtu mwingine kwa usiku mmoja. Siku ya Pentekoste ni yeye aliyesimama kusema. Kule Yafa, alipoambiwa katika maono ale vyakula alivyovihesabu najisi, bado alimjibu Bwana "Hasha", sauti ikarudi mara 3 (Matendo 10). Kilichobadilika ni namna alivyopokea lawama. Aliporudi Yerusalemu kutoka kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, wenzake walimshutumu kwa kula na wasiotahiriwa. Mtu ambaye mahubiri yake yalileta watu wapata 3,000 kwenye ubatizo hakuwauliza kama wanamjua yeye ni nani. Aliwaeleza jambo lote tangu mwanzo, na ndugu 6 aliokuwa amekwenda nao walikuwapo kushuhudia (Matendo 11:12).

Na bado aliteleza tena. Antiokia, zaidi ya miaka 10 baada ya Pentekoste, alijitenga na waamini wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11–14). Kuogopa watu ndiko kulikomwangusha pia mbele ya kijakazi uani kwa Kuhani Mkuu. Kwa hiyo usiipige vita hasira peke yake. Chunguza kilicho chini yake. Ulipozitilia shaka hesabu zile, uliogopa nini? Mara nyingi anayefoka kikaoni anailinda heshima yake, si fedha ya kanisa.

Sitakuficha kwamba Tito 1:7 inamkataza askofu kuwa mwepesi wa hasira. Kwa hali uliyo nayo usikubali uzee wa kanisa hata ukipewa. Uenyekiti wa vijana ni tofauti kidogo: uko chini ya wazee wanaokuona kila wiki, na mtu hujaribiwa kwanza (1 Timotheo 3:10). Usijiuzulu kwa sasa.

Anza na mweka hazina. Mwendee faragha, na akiridhia, umwombe msamaha mbele ya kwaya ileile siku ya mazoezi, maana kosa ulilifanya mbele yao. Usiuandike kwenye kundi la WhatsApp. Taja ulichofanya, sema hesabu zilikuwa sawa, kisha nyamaza. Ukiongeza "lakini" umeanza kujitetea. Asipokusamehe siku hiyo, usimharakishe.

Hesabu zisijadiliwe tena mbele ya kwaya. Zije kikaoni kwa maandishi pamoja na risiti. Penye mabishano, zungumza wa mwisho. Jambo likikuchemsha, ahirisha uamuzi hadi kikao kijacho. Kisha mwombe mzee mmoja, asiye rafiki wala ndugu yako, ahudhurie vikao vyako na kukueleza kila mwezi alichokiona. Mpatane ishara: akiweka kalamu mezani, unaacha kusema na kumwachia katibu. Vijana wengi hufunga siku 3 kuiombea hasira na kuishia hapo. Funga, na uombe Zaburi 141:3, ombi la kuwekewa mlinzi kinywani, kabla ya kila kikao. Ila Petro naye alikuwa mtu wa maombi, na bado alihitaji Paulo amwambie ana kwa ana.

Ukifoka tena baada ya wazee kukuonya mara 2, au ukimwinulia mtu mkono, kaa pembeni mwenyewe, uendelee kuabudu kama msharika wa kawaida. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba safarini, Paulo akakataa kwenda naye tena. Miaka baadaye akaandika kwamba Marko anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11), na Petro alimwita mwanangu (1 Petro 5:13).

Mweleze mchungaji wa usharika wako haya yote wiki hii, kabla ya siku ya mazoezi, akusaidie kumpata mzee huyo.